Kuhama na Kuhamishwa: Historia ya Jamaa ya Jan Joosten, Mholanzi wa Marekani



Katika somo la historia tunajifunza Marekani kwa majina ya wakubwa: Columbus, Washington, Lincoln. Tunashika mwaka 1492, mwaka 1776, mwaka 1865, tunaandika katika mtihani, nyuma tunasahau. Lakini inchi haijengwi na wakubwa peke yao. Kwa hiyo leo nataka tuishike historia ile kwa mkono mwingine. Tutafuata jamaa moja tu ya watu wa kawaida, tangu baba aliyevuka bahari mpaka kizazi cha nne. Ni jamaa ya Mholanzi mmoja aliyeitwa Jan Joosten. Watoto wake na wajukuu wake walikwenda magharibi, na tena magharibi, sawa vile watu wanaofuata jua.

Mwingine atauliza: juu ya nini tusome habari za jamaa ya Kizungu, na sisi tuna mababu wetu? Swali ni zuri, na jibu litakuja mwishoni. Kwa sasa shikeni jambo hili tu. Kiswahili chetu kina neno kuhama, kina neno kuhamishwa, na kina neno kuchukuliwa. Mwisho wa somo mtaona kama maneno haya matatu yanagawanya historia yote ya jamaa hii.

1. JINA

Zamani zile Waholanzi wengi wa vijijini hawakutumia jina la ukoo. Mtu aliitwa kwa jina lake na jina la baba yake. Jan Joosten maana yake ni Jan mwana wa Joost. Naye alipozaa mtoto akamwita Joost, yule mtoto akawa Joost Jansen, ni kusema Joost mwana wa Jan. Mtoto wa Joost akaitwa tena Jan. Basi ukitafuta jamaa hii katika mabuku kwa jina moja tu, utapotea njia, maana jina linageuka kila kizazi.

Nyuma, Waingereza walipotawala, desturi ya jina moja la kudumu ikaingia pole pole. Jamaa hii ikashika jina la kijiji cha asili, Meteren. Van Meteren maana yake "wa kutoka Meteren". Katika kinywa cha Waingereza likakatwa likawa Van Meter, na ndivyo linavyoandikwa hata leo.

Sisi watu wa Kongo tunaelewa jambo hili bila taabu. Katika mwaka 1972 serikali ya Zaire ilikataza majina ya kigeni ya ubatizo. Watu wakaacha Pierre na Marie katika karatasi zao, na miaka ilipopita majina yale yakarudi. Kwa hiyo mtu mmoja anaweza kuonekana katika karatasi mbili kama watu wawili. Anayetaka kuandika historia ya jamaa aanze hapa: mtu huyu aliitwa nani, lini, na nani alimpa jina lile?

2. KUVUKA BAHARI

Meteren iko katika jimbo la Gelderland, katika sehemu inayoitwa Tielerwaard, inchi ya chini kati ya mto Waal na mto Linge. Katika mwaka 1662 Jan Joosten aliondoka huko na mke wake Macyken na watoto watano, akaingia katika meli iliyoitwa Vos, maana yake "mbweha". Orodha ya abiria ingaliko. Inamtaja Jan Joosten wa Tielerwaard pamoja na mke na watoto watano, na miaka ya kila mtoto: mkubwa alikuwa na miaka 15, mdogo miaka miwili na nusu. Majina ya watoto hayakuandikwa, miaka tu. Karani wa meli alihesabu watu kwa ajili ya nauli, hakufikiri kama siku moja watu watamsoma kutafuta babu yao.

Inchi aliyokwenda iliitwa Uholanzi Mpya. Henry Hudson alipanda mto wake mkubwa katika mwaka 1609 akiwa mtumishi wa kampani ya Waholanzi, na tangu mwaka 1624 Kampani ya Uhindi ya Magharibi ilianza kuweka wakaaji huko. Mji mkubwa uliitwa Nieuw Amsterdam. Ndio mji unaoitwa leo New York.

Hapa tusimame kidogo, maana katika mji ule tunakuta jina tunalolijua. Miaka 18 mbele ya Jan kufika, katika mwezi wa pili wa mwaka 1644, watumwa 11 wa Kampani waliomba uhuru. Mmoja aliitwa Paulo Angola. Mwingine aliitwa Simon Congo. Ndiyo, Congo. Jina lake la asili, lile alilopewa na mama yake, halikuandikwa. Wazungu waliandika upande wa Afrika ambako watu wake walichukuliwa. Kampani iliwapa watu wale uhuru wa nusu. Wao na wake zao waliachwa, wakapata mashamba nje ya mji, lakini walilazimishwa kulipa kila mwaka nafaka na nguruwe mmoja mnono. Tena watoto wao, hata wale ambao hawajazaliwa bado, walibaki watumwa wa Kampani.

Kwa hiyo siku Jan Joosten aliposhuka na watoto wake watano, walikuwako mji ule wazazi weusi walio huru wenye watoto wasio huru. Tukumbuke jambo hili. Litarudi katika kizazi cha nne.

3. WILTWYCK, TAREHE 7 MWEZI WA SITA 1663

Jan hakubaki mjini. Alipanda mto Hudson, karibu kilometa 150, mpaka kijiji cha Wiltwyck, ambacho leo kinaitwa Kingston. Karibu yake Waholanzi walikuwa wamejenga kijiji kingine, Nieuwe Dorp, maana yake "kijiji kipya".

Udongo wa pale ulikuwa mzuri sana, na wenye udongo walikuwako. Walikuwa Waesopus, tawi moja la taifa la Lenape. Vitabu vya zamani vinawaita "Wahindi", lakini hilo ni kosa la Columbus tu. Walilima mahindi katika bonde lile mbele ya mzungu yeyote kufika. Katika mwaka 1659 vita vilianza kati yao na Waholanzi. Katika mwaka 1660 Gavana Petrus Stuyvesant alikamata watu kadhaa wa Esopus akawatuma Curaçao, kisiwa cha Waholanzi katika bahari ya Karibi, wawe watumwa huko. Wenzao waliomba warudishwe, hawakurudishwa. Tena walilalamika kama kijiji kipya kimejengwa juu ya udongo ambao haujalipwa.

Tarehe 7 mwezi wa 6 mwaka 1663, Waesopus waliingia katika vijiji viwili wakati wa mchana, sawa vile watu wanaokuja kuuza mahindi. Nyuma wakaanza kupiga. Nieuwe Dorp iliteketea yote. Watu wengi waliuawa, na wanawake na watoto wakachukuliwa mateka. Kati yao alikuwako Macyken, mke wa Jan Joosten, pamoja na watoto. Alikuwako vilevile Catherine Blanchan, mke wa Louis DuBois, Mprotestanti wa lugha ya Kifaransa aliyekimbia mateso ya dini.

Kapiteni Martin Kregier aliongoza askari kuwatafuta. Walikata mashamba ya mahindi ya Waesopus, wakachoma maghala yao. Katika mwezi wa 9 walishambulia boma lao, na mateka wengi wakarudi kwa watu wao nyuma ya miezi mitatu porini.

Jamaa za DuBois na Van Meter walisimulia juu ya siku ile hadithi nzuri sana. Walisema kama Catherine na wenzake walikuwa tayari kuchomwa moto, wakaanza kuimba zaburi, na wale waliowashika wakasimama kusikiliza mpaka askari wakafika. Hadithi ile imehubiriwa mara nyingi. Lakini Kapiteni Kregier aliandika habari za safari yake siku kwa siku, na katika daftari lake hakuna kuni, hakuna moto, hakuna zaburi.

Wanafunzi, hapa kuna somo la kwanza. Masimulizi ya jamaa si uongo tu, wala si ukweli tu. Yanatuonyesha jamaa ilitaka kujiona namna gani. Wale wanawake waliteswa kweli, na bila shaka waliomba kweli. Lakini zaburi ile ilipoingia katika hadithi, Curaçao ilitoka. Watoto walifunzwa jinsi mama yao alivyookolewa. Hawakufunzwa kama mama wa Esopus alingojea watoto wake waliopelekwa kisiwani.

Amani iliandikwa katika mwezi wa 5 mwaka 1664, na Waesopus wakapoteza sehemu ya inchi yao. Miezi minne tu nyuma yake, meli za vita za Waingereza zikafika, na Uholanzi Mpya ikawa New York. Jan Joosten akaapa utii kwa mfalme mpya, akaendelea kulima. Serikali iligeuka, shamba halikugeuka.

4. MAGHARIBI, NA TENA MAGHARIBI

Sasa twende mbio kidogo, kizazi kwa kizazi.

Kizazi cha pili. Joost Jansen, mwana wa Jan, alioa katika mwaka 1682. Alioa nani? Sara DuBois, binti wa yule Catherine. Watoto wa mateka wawili wakafanya nyumba moja. Baadaye wakahama kwenda New Jersey.

Kizazi cha tatu. Watoto wao John na Isaac walibatizwa katika kanisa la Waholanzi, lakini walikua katika inchi ya Waingereza. Katika mwaka 1714, wao pamoja na mama yao na mjomba wao Jacob DuBois walinunua ekari 3,000 katika wilaya ya Salem, New Jersey. Mtu angesema: inatosha. Lakini John alikuwa na watoto 11. Gawanyeni wenyewe shamba lile kwa wajukuu, mtaona shida. Kila kizazi cha wakulima kinakutana na hesabu hii: ardhi haizai, watu wanazaa.

John alikuwa pia mfanya biashara na wenyeji. Masimulizi yanasema kama alitembea nao mbali kusini, akaona mabonde mazuri nyuma ya milima, akarudi kuwaambia watoto wake. Jambo lililoandikwa ni hili. Tarehe 17 mwezi wa 6 mwaka 1730, Gavana William Gooch wa Virginia na baraza lake walimpa John ekari 10,000 kwa ajili yake na watoto wake 11, na ekari zingine 20,000 akileta jamaa 20 katika miaka miwili. Isaac naye alipewa ekari 10,000. Jumla ni ekari 40,000, ni kusema zaidi ya hekta 16,000. Zilikuwa katika bonde la Shenandoah, nyuma ya milima ya Blue Ridge.

Juu ya nini Gavana alikuwa na mkono mrefu namna hii? Alitaka wakulima Waprotestanti wakae kule ng'ambo ya milima, wawe ukuta kati ya Virginia na Wafaransa, na kati ya Virginia na wenyeji. Na ile inchi, ilikuwa yake ya kupana? Katika mwaka 1722, mjini Albany, Virginia ilikuwa imefanya mapatano na mataifa ya Iroquois: milima ya Blue Ridge iwe mpaka. Mashariki ni kwa wazungu, magharibi ni kwa wenyeji. Miaka minane tu ikapita, na Gavana anagawa ekari elfu arobaini upande wa magharibi wa mpaka ule. Ni katika mwaka 1744 tu, mjini Lancaster, Virginia ililipa Iroquois kitu juu ya madai yao. Kwanza walikaa, nyuma walilipa. Na taifa la Shawnee, waliowinda na kukaa katika mabonde yale, hawakulipwa.

Anayepewa kitu kisicho cha mpaji anarithi pia kesi yake. Ndugu wawili waliuza haki yao katika mwaka 1731 kwa Jost Hite, akaleta jamaa nyingi. Kumbe bwana mkubwa mmoja wa Kiingereza, Lord Fairfax, alisema kama inchi ile yote ni yake kwa zawadi ya mfalme. Hite akamshitaki katika tribinali mwaka 1749. Kesi ilikwisha mwaka 1786, na Hite na Fairfax wote wawili walikuwa wamekwisha kufa. Sisi tunaojua kesi za lupango katika miji yetu, tusicheke sana.

John alikufa katika bonde lile. Wasia wake ni wa mwaka 1745, kwa Kiingereza. Baba alibatizwa kwa Kiholanzi, watoto wanarithi kwa Kiingereza. Isaac alikwenda mbele zaidi, kwenye mto South Branch wa Potomac. Huko, wakati wa vita kati ya Waingereza na Wafaransa, boma lilijengwa juu ya shamba lake, likaitwa Fort Pleasant, maana yake boma la kupendeza. Katika mwaka 1757 wenyeji walimwua Isaac. Nyanya yake alichukuliwa mateka mwaka 1663, mjukuu ameuawa mwaka 1757, na sababu ni ile ile moja, udongo.

5. KANISA CHINI YA MTI

Kizazi cha nne. Jacob Van Meter, mwana wa John, na mke wake Letitia walihama Virginia kwenda magharibi ya Pennsylvania, wakawa Wabatisti. Karibu na mwaka 1780 walipakia watu na mali katika mashua, wakashuka mto mkubwa wa Ohio mpaka Kentucky. Kentucky ilikuwa mawindo ya Shawnee. Katika mapatano ya Fort Stanwix ya mwaka 1768 Iroquois waliiuza kwa Waingereza, lakini Shawnee hawakutia mkono. Kwa hiyo vita vilikuwa vikali.

Jamaa ilikaa katika bonde la Severns Valley, mahali ambapo leo ni mji wa Elizabethtown. Tarehe 18 mwezi wa 6 mwaka 1781, watu 18 walikusanyika chini ya mti wakafanya kanisa. Hakukuwa na nyumba, hakukuwa na benchi, bunduki zilikuwa karibu. Kanisa lile la Severns Valley linahesabiwa kuwa kanisa la Wabatisti la zamani kuliko yote katika Kentucky, na lingaliko mpaka leo. Mchungaji wake wa kwanza, John Gerrard, alikamatwa na wenyeji katika mwaka 1782, hakuonekana tena.

Sisi katika shule ya Kiprotestanti tunapenda habari za namna hii. Makanisa yetu mengi hapa Kongo yalianza chini ya mti vilevile. Basi tusome pamoja orodha ya wale 18. Yuko Jacob Van Meter. Yuko Letitia. Wako watu wengine wa jamaa. Nyuma tunasoma majina matatu: Mark, Bambo, Dinah. Kila mmoja ana jina moja tu. Hakuna baba, hakuna kijiji, hakuna miaka. Kando ya majina yao imeandikwa kama ni watumwa wa Jacob Van Meter.

Tufikiri sawasawa juu ya orodha hii. Chini ya mti ule Dinah ni dada wa Letitia katika Kristo. Wanaimba pamoja, wanasali pamoja. Ibada inakwisha, wanarudi nyumbani, na Dinah ni mali ya mume wa Letitia, sawa na farasi na jembe. Walisafiri katika mashua zile zile, hatari ilikuwa moja. Lakini Letitia alihama na jamaa yake, Dinah alichukuliwa pamoja na mizigo.

Tusiseme kama watu wa zamani hawakuweza kujua. Katika mwaka 1688 Waquaker wanne wa Germantown, Pennsylvania, walikuwa wamekwisha kuandika barua kupinga utumwa. Na katika mwaka 1797 Jacob mwenyewe alimpa uhuru mtumwa wake mmoja aliyeitwa General Braddock. Anatajwa kama mtu mweusi wa kwanza kuwa huru katika wilaya ile ya Hardin. Masimulizi yanasema alipata uhuru kwa sababu alipigana sana na wenyeji na kuwaua. Tazameni mambo: mtu aliyechukuliwa anapata uhuru kwa kuwapiga wale wanaofukuzwa. Jacob alikufa mwaka 1798. Utumwa katika Kentucky haukukwisha mpaka mwaka 1865.

6. SAFARI TATU

Tangu Jan alipoingia katika meli Vos mpaka Jacob aliposhuka Ohio ilipita miaka karibu 118. Hakuna mtu mmoja aliyetembea njia ile yote. Baba alikwenda kipande, mtoto kipande, mjukuu kipande. Kwanza Kanisa la Reforme la Waholanzi, mwisho Wabatisti. Kwanza Kiholanzi, mwisho Kiingereza. Na jina halikusimama Kentucky. Katika jimbo la Iowa, mbali zaidi magharibi, kuna mji mdogo unaoitwa Van Meter.

Tukisimama hapa, tumesoma historia ya jamaa hodari. Ni kweli, walikuwa hodari. Lakini turudie maneno yetu matatu.

Jamaa ya Jan Joosten walihama. Walichagua siku, wakachagua njia, wakaandikwa majina, wakapewa karatasi.

Waesopus na ndugu zao Wamunsee walihamishwa. Nao vilevile walikwenda magharibi! Leo uzao wa watu wale wa Munsee unakutwa katika Wisconsin, karibu na maziwa makubwa, na katika Ontario, inchi ya Kanada. Njia ni ile ile ya kuelekea jua linakotua, lakini hawakufuata jua. Walisukumwa.

Na Mark, Bambo na Dinah walichukuliwa. Mababu zao walikuwa wamechukuliwa mara ya kwanza kutoka Afrika, nao wakachukuliwa tena mpaka ndani ya Kentucky.

Njia ni moja, safari ni tatu. Mwalimu wa sarufi alitufunza kama herufi chache katikati ya kitendo zinageuza mtendaji kuwa mtendwa. Katika daftari la sarufi ni mazoezi. Katika historia ni maisha ya watu.

Sasa jibu la swali la mwanzo. Tunasoma jamaa ya Jan Joosten kwa sababu karatasi zake zimehifadhiwa vizuri, na ndani yake tunaweza kuona safari zote tatu. Tukiisha kujua kuziona katika karatasi za wengine, tutaziona katika jamaa zetu. Katika shule hii tumetoka pande nyingi. Wako wenzetu ambao babu alikuja kwa kutafuta shamba. Wako ambao babu aliletwa na Wabelgiji kwa kazi ya mingoti, ya migodi au ya barabara. Wako ambao mama alikimbia vita usiku. Halafu tunapogombana tunaulizana: "Wewe ni mwenyeji ao mgeni?" Swali lile ni fupi mno. Mbele ya kumwita mwenzako mgeni, uliza kwanza: jamaa yake walihama, walihamishwa ao walichukuliwa? Na mbele ya kujiita mwenyeji, uliza vilevile: nani alikuwa hapa mbele ya babu yangu, na alikwenda wapi?

Biblia yenyewe haifichi mambo haya. Katika Mwanzo 23 Ibrahimu, mgeni, analipa fedha mbele ya mashahidi juu ya shamba la kumzika Sara. Katika 1 Wafalme 21 Ahabu, mfalme, anapata shamba la Naboti akiwa na karatasi zenye muhuri, na karatasi zile ni dhambi. Kwa hiyo si kila mgeni ni mnyang'anyi, wala si kila karatasi ni haki.

MASWALI KWA DARASA

1. Eleza kwa maneno yako tofauti kati ya kuhama, kuhamishwa na kuchukuliwa. Toa mfano mmoja wa kila neno katika somo hili.

2. Orodha ya meli, daftari la kapiteni, kitabu cha kanisa, wasia, masimulizi ya wazee: kila kimoja kinaonyesha nini, na kinaficha nini?

3. Juu ya nini jamaa ilishika hadithi ya zaburi kuliko habari ya Curaçao?

4. Kanisa la Severns Valley liliandika watumwa kuwa washiriki. Lilifanya vema kwa kuwaandika? Lilikosa wapi? Jibu kwa ukurasa mmoja, na msijibu kwa hasira.

5. Kazi ya likizo: keti na mzee wa jamaa yako. Andika vizazi vinne: jina, mahali, mwaka kama unajulikana, na sababu ya kutoka pale. Nyuma umwulize majina ya watu waliokaa na jamaa yenu ao waliofanya kazi kwenu na hawakuwa wa ukoo: mchungaji wa ng'ombe, yaya, mkimbizi, mtoto aliyeokotwa. Waandike katika ukurasa ule ule, kwa majina yao kamili.

Kazi ya tano ni ngumu kuliko zote, maana wazee wanachoka na karatasi ni chache. Lakini anzeni upesi. Mzee aliye hai leo anajibu swali lako lote, na buku lenyewe linajibu lile tu ambalo mtu alikubali kuandika.

Kapita wa wanafunzi, mwaka wa sita